Hewa Haba Mlimani, Hewa Tele Chumbani

Asubuhi ambayo mawingu yamechelewa kupanda, mkazi wa Beni akigeuza uso mashariki huiona Ruwenzori yote, na kileleni weupe ambao mgeni hudhani ni wingu lililosahaulika. Ni theluji, na inazidi kupungua. Wanande wa upande huu na ndugu zao Wakonzo wa upande wa Uganda waliyaweka huko juu makao ya Kitasamba, na hawakuwa na haraka ya kumtembelea. Baridi ilikuwa sababu moja. Sababu nyingine ilikuwa pumzi.

Naanzia mlimani kwa ajili ya swali ambalo nimelisikia Butembo zaidi ya mara moja, matangani na kwenye baraza za maduka. Mzee ameanguka ghafla. Mdomo umepinda, mkono wa kulia umelegea, maneno hayatoki. Mjini kwetu wengi huutaja ugonjwa huu kwa herufi za Kifaransa, AVC. Kwa Kiswahili ni kiharusi. Siku mbili hazijapita, jamaa aliyeko Kampala au Brussels anapiga simu: kuna chumba cha chuma, mgonjwa anafungiwa ndani, anashindiliwa oksijeni, ubongo unaamka. Familia inakaa kikao. Bei gani? Tuuze shamba la Lubero?

Jibu fupi ni kwamba msiuze. Ila jibu fupi halimtoshi mtoto anayemtazama baba yake amelala hoi, naye anastahili kuelezwa matumaini haya yalitoka wapi. Yana umri mrefu, na hayakuzushwa na matapeli.

Tarehe 18 Juni 1906 mwanamfalme wa Italia, Luigi Amedeo wa Abruzzi, alifika kilele cha juu kabisa cha Ruwenzori akiwa na waongozaji wake wa Alps, baada ya wapagazi wa Kikonzo kuwabebea mizigo kwenye matope ya bonde la Mubuku. Kilele hicho, mita 5,109, akakiita Margherita kwa heshima ya malkia mama wa Italia, na leo mpaka wa Kongo na Uganda unapita hapo. Hewa ya kule juu ina oksijeni asilimia 21, sawa na hewa ya Mombasa. Kilichopungua ni mgandamizo, yaani uzito wa hewa inayotulalia: ule wa Margherita ni karibu nusu ya ule wa pwani. Butembo yenyewe, iliyo zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, imekwisha kupoteza karibu moja ya tano, ingawa sisi tuliozaliwa hapa hatuna habari.

Hewa inapokuwa haba, kiungo cha kwanza kulalamika ni ubongo. Uzito wake ni kama asilimia mbili tu ya mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Mpandaji aliyeuendea mlima kwa pupa huumwa kichwa na kutapika. Akizidiwa huyumba kama mlevi na kusema ovyo, kwa kuwa ubongo umevimba. Dawa ya kwanza ni kuteremka. Asipoweza kuteremka, kuna mfuko uliobuniwa na Igor Gamow wa Chuo Kikuu cha Colorado katika miaka ya 1980: mgonjwa anafungiwa ndani kwa zipu, mwenzake anapiga pampu kwa mguu, na baada ya dakika chache mwili unajiona umeshuka zaidi ya mita 1,500 bila kusogea hata hatua. Mlimani, basi, kushindilia hewa kunaokoa ubongo kweli. Hapo ndipo matumaini yanapopata mguu wa kusimamia.

Aliyeifumbua siri hii ni Mfaransa Paul Bert. Alikuwa na mitungi mikubwa ya chuma ambayo hewa yake aliweza kuipunguza au kuizidisha, na mara nyingine alijifungia ndani mwenyewe. Mwaka 1875 waendesha puto wawili, Sivel na Crocé-Spinelli, walipaa kwa puto lililoitwa Zénith pamoja na mwenzao Tissandier hadi zaidi ya mita 8,000. Mifuko ya oksijeni ilikuwa imening'inia juu ya vichwa vyao. Mikono ikakataa kuinuka. Puto lilipotua, Tissandier peke yake alikuwa hai. Miaka mitatu baadaye, 1878, Bert alichapisha kitabu cha kurasa zaidi ya 1,100 kuhusu mgandamizo wa hewa, na yako mambo mawili ndani yake ambayo wauzaji wa vyumba vya oksijeni wangefanya vizuri kuyasema pamoja. La kwanza, oksijeni ikikosa nguvu ya kuingia mwilini, mtu hufa. La pili, ikishindiliwa kupita kiasi hugeuka sumu: wanyama wake walipatwa na degedege, wengine wakafa.

Bert alieleza pia kwa nini vibarua waliojenga misingi ya madaraja ndani ya masanduku ya hewa iliyoshindiliwa walipanda juu wakapooza miguu. Nitrojeni iliyoyeyuka katika damu yao ilitoka kwa haraka na kuwa mapovu, kama chupa ya soda inapofunguliwa. Washington Roebling, mhandisi wa daraja la Brooklyn mjini New York, alipatwa na ugonjwa huo mwaka 1872, na kazi iliyobaki akaiongoza kutoka kitandani huku mkewe Emily akipeleka maagizo. Kwenye handaki la mto Hudson, mwaka 1889, Mwingereza Ernest Moir aliweka chumba cha chuma cha kuwarudisha wagonjwa kwenye mgandamizo na kuwatoa polepole, na vifo vikapungua mno. Hiyo ndiyo kazi halali na ya kwanza ya chumba hiki. Ndiyo inayofanywa hata leo kwa wazamiaji kwenye chumba cha Matemwe, Unguja, na kile cha jeshi la majini la Kenya huko Mtongwe, Mombasa. Mtu ambaye povu la hewa limeingia kwenye mshipa wa ubongo wake, huyo chumba kinamfaa bila ubishi. Wazee wetu wanaoanguka Butembo hawana mapovu.

Sasa nifike kwa mtu ambaye habari zake hunisumbua. Mafua makali ya mwaka 1918 yalipoizunguka dunia, daktari wa Kansas City aitwaye Orval Cunningham aliona kwamba wagonjwa wa Denver, mji ulio kwenye mita 1,600 hivi, jirani kabisa na kimo cha Butembo, walizidiwa kuliko wa nyanda za chini. Hoja yake ikawa nyepesi kueleweka: ikiwa hewa haba inaua, hewa tele itaponya. Akajenga mtungi wa chuma, akawaingiza wagonjwa waliokuwa wanakata roho, na baadhi wakapona. Angeishia hapo tungemkumbuka kwa wema. Hakuishia. Alianza kutibu kisukari, kaswende na saratani kwa hewa ileile. Tajiri aitwaye Henry Timken, aliyeridhika na matibabu yake, alitoa dola milioni moja, na mwaka 1928 ikasimama mjini Cleveland tufe la chuma lenye kipenyo cha karibu mita 20, lenye ghorofa, vyumba vya kulala na madirisha ya mviringo kama ya meli. Chama cha madaktari wa Marekani kilimwomba ushahidi, mara ya kwanza na ya pili. Hakuutoa. Tufe lilifungwa, na mwaka 1942 likakatwakatwa kuwa chuma chakavu cha vita.

Simdhihaki Cunningham. Aliona watu wakipona mbele ya macho yake, na hakuna jambo gumu kwa tabibu kama kukiri kwamba huenda wangepona hata bila yeye.

Baada ya aibu ile, chumba kilirudishiwa heshima na daktari wa upasuaji wa Amsterdam, Ite Boerema. Kuanzia mwaka 1956 alifanya majaribio ndani ya chumba cha jeshi la majini la Uholanzi, na mwaka 1960 alichapisha jambo lililoushangaza ulimwengu wa tiba. Aliwatoa nguruwe karibu chembe zote nyekundu za damu, akawapumulisha oksijeni kwa mgandamizo mara tatu wa kawaida, nao wakaishi, oksijeni ikiwa imeyeyuka kwenye majimaji ya damu tu. Mwaka uliofuata mwenzake Brummelkamp alionyesha kwamba njia hiyo inasaidia vidonda vinavyooza kwa vijidudu vinavyochukia oksijeni. Kuanzia hapo njia ya kwenda kwenye kiharusi ilikuwa fupi. Mwaka 1965 Mswidi David Ingvar na Mdenimaki Niels Lassen walieleza habari za wagonjwa wanne wa kiharusi waliowaingiza chumbani. Wanne tu, na ndio mwanzo wa yote tunayosikia kwenye simu.

Hoja yao mtu wa Butembo anaielewa kuliko profesa yeyote, kwa sababu sisi ni watu wa barabara. Bidhaa zetu huingia Kasindi, mpakani na Uganda, kisha huja Beni, kisha kilomita 54 nyingine hadi hapa. Daraja likikatika, duka la Butembo linakauka ingawa maghala ya Kasindi yamefurika. Kiharusi cha aina ya kuziba ndiyo hali hiyohiyo: bonge la damu limekaa njiani, chembe nyekundu ambazo ndizo malori ya oksijeni zimekwama nyuma yake, na mtaa mmoja wa ubongo unakufa njaa. Ingvar na Lassen walisema: lori halipiti, lakini chukudu, ile skuta yetu ya mbao, inaweza kupenya kichochoroni. Oksijeni iliyoyeyuka kwenye majimaji haihitaji kubebwa na chembe nyekundu. Ishindilieni, itajipenyeza pembeni, na ule mtaa utavumilia hadi daraja litengenezwe.

Ni hoja nzuri. Nakiri nilipoisoma mara ya kwanza niliamini. Na kwa panya na wanyama wengine wa maabara, waliotibiwa mapema, ilionekana kufanya kazi.

Kwa binadamu ilikwama. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani waliwagawa wagonjwa 39 kwa kura, wengine oksijeni ya mgandamizo, wengine hewa ya kawaida katika chumba kilekile, wala mgonjwa hakuambiwa yuko upande gani. Walisimamisha utafiti kabla ya wakati kwa kuwa waliopewa hewa ya kawaida walielekea kuwa na hali bora. Mwaka 1995 ikawa zamu ya Lyon, Ufaransa, wagonjwa 34: dalili ndogo za kutia moyo, hakuna la kushika. Mwaka 2003 Marekani tena, wagonjwa 33, saa moja chumbani ndani ya siku ya kwanza. Miezi mitatu baadaye waliopata mgandamizo hafifu wa kiini macho walikuwa wamepona vizuri kuliko waliopata tiba kamili. Mwaka 2014 mtandao wa Cochrane ulikusanya majaribio 11 yenye wagonjwa 705. Vifo havikupungua, na hakukuwa na ushahidi imara kwamba ulemavu unapungua. Miongozo ya Marekani leo inasema tiba hii isitumiwe kwa kiharusi, isipokuwa pale kilipoletwa na povu la hewa.

Kwa nini? Chukudu zilichelewa, hilo mojawapo. Wagonjwa wengi waliingizwa saa nyingi baada ya mtaa kufa. Oksijeni nyingi pia huifanya mishipa ya damu ijibane, na ikifika kwenye ubongo uliojeruhiwa huzaa kemikali zinazounguza kile ilichokuja kuokoa. Bert alikwisha onya. Hata oksijeni ya kawaida ya puani, ile ya mrija, ilipimwa Uingereza kwa wagonjwa 8,003 wa kiharusi, matokeo yakatoka mwaka 2017: kumpa mtu ambaye damu yake tayari ina oksijeni ya kutosha hakumwongezei kitu. Shida haikuwa ghala la Kasindi. Ilikuwa daraja.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya Wazungu, majaribio ya kura na kiini macho, hayatuhusu. Hapa naomba nipunguze mwendo, kwa maana Beni na Butembo zina haki ya kuzungumza juu ya jambo hili kuliko miji mingi duniani.

Ebola ilipotangazwa Mangina, karibu na Beni, tarehe 1 Agosti 2018, hakukuwa na dawa iliyothibitishwa. Kulikuwa na dawa iliyosifiwa, ZMapp, ambayo mwaka 2014 magazeti ya dunia yaliiita ya miujiza. Ingekuwa rahisi kuwapa watu wetu ZMapp na kupiga picha. Badala yake, Novemba 2018, chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe na washirika wake, utafiti ulioitwa PALM ulianza Beni, ukaenea Mangina, Katwa na Butembo: dawa nne, mgonjwa anapata moja kwa kura. Ulifanyika huku risasi zikilia. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa ndani ya siku chache. Tarehe 19 Aprili 2019 Dakta Richard Mouzoko kutoka Kamerun, aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa hapa Butembo kwenye kliniki za Chuo Kikuu cha Graben. Kazi haikuachwa. Hadi Agosti 2019 wagonjwa 681 walikuwa wameingia, na jibu likatoka: kati ya waliopewa ZMapp karibu nusu walifariki, kati ya waliopewa mAb114, dawa iliyotokana na damu ya mtu aliyeponea Kikwit mwaka 1995, walifariki asilimia 35, na ya REGN-EB3 asilimia 33 na ushei. Dawa ya miujiza ilishindwa mbele ya macho ya dunia nzima, na ilishindwa Kivu Kaskazini.

Ugonjwa ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa kati ya 3,470. Katika makaburi yale wamo walioangukiwa na kura mbaya, na nikiwafikiria hao siwezi kumkubalia mtu anayetuuzia tiba bila kutuonyesha namba zake. Wao walilipa ili ukweli ujulikane. Cunningham aliombwa namba tu, akakataa.

Beni hiyohiyo, mwaka 2018, iliona pia chumba cha aina nyingine: kile cha plastiki angavu cha shirika la ALIMA, chenye mikono ya mpira ukutani, ambamo mgonjwa wa Ebola aliwekewa dripu na kupewa oksijeni huku mama yake akimwona usoni kutoka nje. Wengi waliokuwa wamekimbia vituo walirudisha imani kidogo walipoona mtu wao hajafichwa. Chumba kile hakikuongeza mgandamizo wowote.

Turudi kwa mzee wetu. Kinachofungua daraja kilithibitishwa mwaka 1995: dawa ya kuyeyusha bonge, alteplase, mwanzoni ndani ya saa tatu, baadaye saa nne na nusu tangu alipoanguka. Mwaka 2015 ukaja uthibitisho wa kulivuta bonge kwa waya mwembamba unaopitishwa mshipani. Vyote vinahitaji kwanza picha ya skana, kwa sababu katika Afrika sehemu kubwa ya viharusi, kubwa kuliko Ulaya, si vya kuziba bali vya mshipa uliopasuka, na dawa ya kuyeyusha bonge ikimkuta anayevuja damu inamuua. Kila dakika bonge linapokaa njiani, kadirio la mwaka 2006 linasema, seli 1,900,000 za ubongo zinakufa. Butembo hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 500 na mpaka mmoja. Goma nayo ilitekwa na waasi wa M23 Januari 2025, uwanja wake wa ndege ukafungwa, na serikali ya mkoa ikahamia Beni. Saa nne na nusu hazitoshi hata kupata kibali cha njia. Hili ni jambo la hasira, nami ninayo. Lakini chumba cha chuma hakilitatui, kwa kuwa nacho kiko mbali zaidi: pesa ya shamba humfikisha mgonjwa baada ya wiki, mtaa ukiwa umekufa zamani.

Kilicho karibu kina ushahidi kuliko chumba. Mwaka 2011 wauguzi wa Australia, katika hospitali 19 za New South Wales, walichapisha utafiti wa mambo matatu kwa siku tatu za kwanza: kupima homa na kuishusha, kupima sukari na kuirekebisha, na kupima kama mgonjwa anaweza kumeza kabla ya kumpa chochote mdomoni. Hospitali zilizofuata mambo hayo zilikuwa na wagonjwa wachache zaidi waliokufa au kubaki na ulemavu, kwa kiasi ambacho hakuna chumba cha mgandamizo kilichowahi kukaribia.

Kipimo cha kumeza ndicho ambacho familia zetu hukivunja kwa upendo. Shangazi anafika na uji wa moto, anamwinua kaka yake, anamnywesha; uji unaingia mapafuni, na siku ya nne mzee anakufa kwa nimonia, watu wakisema AVC ilikuwa kali. Inavyotakiwa, muuguzi anamketisha wima, mito miwili mgongoni. Anatia maji kwenye kijiko cha chai. Anayaweka mbele ya ulimi, upande usiolegea, anagusa koo kwa vidole viwili kusikia kama linapanda. Kisha anangoja, na chumba kizima kinanyamaza pamoja naye, kumsikiliza kama atakohoa.